Ukuta wa Chumba cha Mama

3 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na amenitaka niandike kwamba anakusalimu mara mbili, kwa sababu alipotoa salamu ya kwanza nilikuwa bado natafuta kalamu na anaamini ile imepotea. Shemeji yako hajambo, watoto hawajambo, na paka wa jirani amezalia ndani ya sanduku la viatu vyangu vya harusini. Sina la kuongeza kuhusu hilo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi huwezi.

Ukuta wa chumba cha mama umelowa. Ni ule wa nje, unaopakana na kibaraza ulichojenga, pale kinapokaa kitanda chake. Rangi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake unatoka unga mweupe mfano wa chumvi. Nimeupaka rangi mara mbili. Mara zote mbili unyevu ulirudi kabla brashi haijakauka. Daktari amekisikiliza kifua cha mama akaniambia bila kuzunguka: asipitishe msimu mwingine wa mvua kando ya ukuta ule. Nimemwomba mama ahamie kwangu, ng'ambo ya barabara tu, hatua arobaini. Amesema yeye si mgeni na hahami nyumba ya mumewe.

Kwa hiyo ukuta lazima upone kabla ya mvua, nami sijui kumchagua fundi. Wewe umefundisha uashi miaka thelathini. Nifundishe na mimi.

Ungeweza kuja mwenyewe, ingekuwa bora zaidi. Mama hakunituma niseme hivyo. Amesema nikuambie usijisumbue, na wewe unajua maana ya mama anaposema usijisumbue.

Mdogo wako


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie mama kwamba salamu zote mbili zimefika salama, hata ile iliyopotea. Wifi yako anawasalimu. Tupo katika majuma ya mitihani, na kwa kuwa mwaka huu ni wa mwisho kwangu chuoni, nimeamua kusahihisha kila karatasi mwenyewe. Kwa sababu hiyo siwezi kuja.

Sasa zingatia. Fundi hachaguliwi kwa maneno yake wala kwa picha alizo nazo kwenye simu. Mwombe akutajie nyumba aliyoifanyia kazi miaka mitatu iliyopita, si ile aliyomaliza juzi. Lipu mpya huwa nzuri kwa kila mtu. Uende huko peke yako, bila yeye, uzungumze na mwenye nyumba, tena ikiwezekana yule anayefagia. Anayefagia ndiye anayejua kama ukuta unamwaga mchanga.

Angalia vifaa vyake. Mwiko wa fundi huwa umelika ncha na mpini wake umekolea jasho. Anayekuja na mwiko wa kuazima atakuja na ujuzi wa kuazima. Akikwambia tatizo ni nini kabla hajaugusa ukuta, mshukuru na umwoneshe lango. Mchanga akiuleta, tia konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tope nene limekaa juu ya mchanga, urudishwe ulikotoka. Asichanganye saruji nyingi kuliko atakayoweza kutumia ndani ya saa moja, na iliyoanza kuganda asiifufue kwa maji. Mkubaliane kwa maandishi: kazi gani, kwa hatua zipi, nani ananunua nini. Umlipe kila hatua ikiisha na wala si kabla.

Jambo la mwisho. Kibaraza kisiguswe. Fundi asiyejua kutafuta kosa huanza kuvunja kilicho karibu naye. Nilikijenga kwa mikono yangu likizo ile baada ya kumzika baba, ili mama atoke mlangoni na kuota jua asubuhi bila kushuka ngazi. Hakihusiki kabisa.

Kaka yako


1 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu mara moja lakini kwa nguvu. Binti yangu amepoteza jino la mbele na sasa anapiga mluzi kila anaposema neno "sisi". Shemeji yako amepandishwa cheo, yaani anarudi nyumbani amechelewa zaidi.

Maagizo yako nimeyafuata kama dawa. Fundi wa kwanza aliniambia tatizo akiwa bado langoni, mguu mmoja uko barabarani. Nilimshukuru. Wa pili alikuwa na mwiko ambao bado umebandikwa karatasi ya dukani. Huyo hata sikumshukuru.

Wa tatu nimempata kwa kuzungukia nyumba, kama ulivyosema. Watu wanamwita Subiri, kwa sababu ukimuuliza lolote, jibu lake la kwanza ni hilo. Mtu wa makamo, mwembamba, ana miwani iliyofungwa uzi. Nilimuuliza, "Fundi, tatizo ni nini?" Akasema, "Subiri, mama." Akaugonga ukuta kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, kama daktari. Kisha akakata vipande viwili vya nailoni, akavibandika ukutani kwa gundi pande zote nne, akaenda zake. Alirudi siku ya nne. Matone yalikuwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta. Upande wa chumba ilikuwa kavu. Akasema, "Maji hayatoki hewani. Yanatoka ndani ya ukuta, na yanapanda kutoka chini." Mimi nikaona kama nimetazama muujiza.

Mama naye amempenda. Anamwandalia chai mwenyewe, na unajua kwamba mama hajamwandalia mtu chai tangu macho yake yaanze kufifia. Juzi Subiri alisema timazi yake ya kupimia wima wa ukuta imekatika kamba, mama akafungua kasha la baba akampa ile ya shaba. Akamwambia, "Tumia hii, mwenyewe angefurahi." Nilishangaa hadi nikakaa chini.

Wiki ijayo atachimba kidogo nje, aone msingi.

Mdogo wako


12 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Hatujambo.

Timazi ile niliiomba mara mbili. Mara ya kwanza ni nilipohitimu, nikiwa wa kwanza katika darasa langu. Mara ya pili ni baada ya mazishi. Mama alinijibu kwamba itakaa pale baba alipoiacha. Sikuuliza tena, kwa kuwa niliheshimu jibu lake. Sasa naona kwamba ilikuwa inamsubiri mtu mwenye miwani ya uzi.

Kuhusu huyo bwana. Jaribio la nailoni si muujiza. Nalifundisha katika muhula wa pili, tena kwa wanafunzi ambao bado wanashika mwiko kama kijiko. Siku nne za kutazama nailoni ni siku nne za kutofanya kazi. Hujaniambia alisomea wapi. Hujaniambia kama anajua kuandika makubaliano. Umeniambia kwamba mama anampenda, na hilo sikulitaja popote miongoni mwa sifa za fundi.

Nje asichimbe. Msingi ule aliuweka baba na hauna kasoro. Ukuta huo unahitaji lipu ya saruji yenye nguvu kwa ndani, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kifua, basi. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani huko kwenu, wanayemwita Injinia. Nitamwandikia. Huyo mwingine mwambie ahsante.

Timazi irudishwe kwenye kasha.

Kaka yako


29 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu.

Barua yako ilikuta shimo limeshachimbwa, kwa hiyo usinigombeze kwa jambo ambalo posta ndiyo iliyochelewa. Na barua hiyo mama amesomewa nusu tu. Nilipofika kwenye timazi nikajifanya mwandiko haueleweki. Mama akasema, "Haiwezekani, mwandiko wa kaka yako ni kama wa kitabu." Nikamwambia labda kalamu ilikuwa inavuja.

Sikiliza alichokuta Subiri. Alitoa vigae viwili pembeni kabisa mwa kibaraza, pale penye ufa wa zamani, akachimba kando ya ukuta. Akaniita. Juu ya msingi, kimo cha shubiri chini ya sakafu ya kibaraza, kuna mstari mweusi: lami, aliyoiweka baba ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Baba aliiweka vizuri, bado nzima. Lakini kibaraza kimejengwa juu kuliko mstari huo na kimeegemezwa ukutani. Kwa hiyo maji yanaingia kwenye udongo uliojazwa chini ya kibaraza, yanaruka lami ya baba na kuingia ukutani kwa juu yake. Hata mimi nimeelewa, na mimi nilikuwa wa mwisho katika hesabu.

Subiri aliuliza, "Nani alijenga kibaraza hiki?" Mimi nikatazama miguu yangu. Mama alikuwa amekaa pale pale juani, akajibu kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo: "Mwanangu mkubwa. Mwalimu wa waashi." Subiri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baadaye aliniambia pembeni kwamba kibaraza lazima kikatwe. Nilipomweleza mama, alikataa. Amesema mkono wa mtu hautagusa kazi ya mwanawe mpaka mwanawe mwenyewe aseme. Kwa hiyo fundi amekaa, mimi nimekaa, ukuta unakunywa maji, na wote tunasubiri neno lako moja. Sema tu, "Kikatwe." Nitamsomea.

Na kwa kuwa tayari nimeshika kalamu, niseme na hili. Wewe unaandika kurasa mbili kwa mwezi, nami namsomea mama mara tatu kila barua, na kila nikimaliza anasema, "Huyo mtoto ananijali." Mimi ninayesoma ndiye niliyemwogesha, nikamkata kucha, nikamtafutia dawa. Hajawahi kumwambia mgeni yeyote kwamba binti yake anamjali. Nadhani anaona hilo ni kama maji ya bomba: yapo tu. Kwa hiyo ukinung'unika kwa sababu ya timazi, mtafute mtu mwingine wa kukuhurumia.

Mbona huji? Mitihani imekwisha.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama na kwa wote.

Nyonga yangu inanisumbua na safari ndefu siiwezi. Mitihani imekwisha, lakini kuna kikao cha kuagana.

Nimesoma maelezo ya huyo bwana. Mtu anayeona shimo moja husahau kwamba kuna ukuta mzima. Mabomba ya bafuni je? Paa je? Maji hupita njia nyingi, na fundi wa kweli huzifuata zote kabla ya kuinyoshea kidole kazi ya mtu mwingine, hasa mtu aliyefundisha watu wa namna yake.

Sijasema kikatwe.

Injinia atafika Jumatatu. Nimemwandikia kila kitu.

Kaka yako


19 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Najua umeandika mara mbili na sijajibu. Mara ya kwanza sikuwa na nafasi. Mara ya pili nilikuwa na nafasi.

Injinia wako alifika Jumatatu kama ulivyosema, na barua yako ameikunja mfukoni. Subiri alimkuta pale. Hakugombana naye. Alirudisha vigae viwili mahali pake, akaning'iniza timazi ya baba mlangoni, akaniambia, "Ukinihitaji, mama, nipo kwenye jengo la shule." Akaondoka. Mama aliuliza mbona Subiri hanywi chai leo, nikamwambia amepata kazi kubwa.

Injinia ni kijana mzuri, mchangamfu, anaimba. Alipiga lipu ya saruji tupu kwa siku mbili, laini mpaka ungeweza kujitazama. Aliwaambia wote waliopita njiani, "Hii ni kazi ya mwalimu wangu, mimi ni mkono tu." Mama aliupapasa ukuta kwa kiganja akasema, "Hata akiwa mbali." Hivyo tu: hata akiwa mbali. Alimsimulia mwenye duka, akamsimulia muuguzi. Nilikuwepo mara zote mbili, nimebeba vitu.

Lipu ikakaa wiki tatu. Kisha unyevu ukatokea juu yake. Haukupita kwenye lipu, uliizunguka. Zamani uliishia kwenye kimo cha mto wa mama, sasa umefika kwenye kimo cha dirisha. Shuka zinanuka uvundo hata nikizifua kila siku ya pili. Mama anakohoa akiongea, kwa hiyo ameanza kuongea kidogo. Jana mvua ilijaribu. Matone machache tu, vumbi likanuka kisha ikakoma. Daktari alipita akautazama ukuta, akanitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyeumwagia ndoo.

Nimemwambia mama, nimembembeleza, nimelia mbele yake. Jibu ni lile lile: mpaka mwanangu aseme.

Kaka, nimekujua maisha yangu yote. Mtu akikuonesha kosa ambalo halipo, huwa unaandika kurasa kumi kumfundisha. Kwa Subiri uliandika mistari sita. Kuna kitu hukisemi. Mimi sitakuuliza ni nini. Nakuuliza tu kama unakipenda kuliko kifua cha mama.

Mdogo wako


27 Septemba

Mdogo wangu,

Barua hii msomee mama yote, kuanzia mstari huu hadi wa mwisho. Usiruke neno na usijifanye kalamu inavuja.

Mama, shikamoo.

Kibaraza ni kosa langu, na nimelijua kwa miaka kumi.

Nilipokijenga sikulijua. Nilikuwa na siku tisa za likizo na nilikuwa na majonzi. Nilitaka utoke chumbani kwako na kukanyaga sakafu iliyo sawa na ya ndani, bila kushuka, kwa sababu baba alikuwa akikushika mkono penye ngazi ile na sasa hakuwapo. Niliinua sakafu kwa ajili hiyo. Sikutazama lami ya baba iko wapi. Fundi wa mwaka wa kwanza angetazama.

Mwaka uliofuata nilikuwa darasani nikichora ubaoni jinsi unyevu unavyopanda ukutani. Nilichora msingi, nikachora lami, kisha nikachora kibaraza kilichoinuliwa na kuegemezwa ukutani, ili kuwaonesha wanafunzi namna mjenzi mzembe anavyoharibu kazi ya aliyemtangulia. Chaki ilikuwa bado mkononi nilipoona kwamba ninachora nyumbani kwetu. Nimechora mchoro ule kila mwaka tangu hapo. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, nyumba hiyo ipo kweli?" Kila mwaka nimejibu kwamba ni mfano tu.

Nyonga yangu ni nzima. Sikuja kwa sababu sikutaka kusimama juu ya kibaraza kile.

Kwa nini nilinyamaza, nitalisema ingawa si la heshima kwa mtu wa umri wangu. Dada yangu yupo nawe kila siku. Sauti yake unaijua kutoka jikoni, mikono yake unaijua. Mimi nina barua, na nina kibaraza. Wageni wakija husema umewaonesha: hapa alijenga mwanangu. Katika nyumba ile sina kitu kingine. Nikasikia kwamba mtu nisiyemfahamu amepewa chai yako na timazi ya baba, kisha akaniomba na kibaraza. Nilimchukia mtu huyo kwa sababu alikuwa sahihi, na kila barua iliyothibitisha kwamba yuko sahihi ilinifanya nimchukie zaidi. Injinia alifanya nilichomwagiza. Nilijua haitafaa nilipokuwa nikimwandikia.

Kikatwe. Kama fundi Subiri ataona kinafaa kuvunjwa chote, kivunjwe chote. Lipu ya Injinia ibanduliwe hadi kwenye tofali. Ukuta uachwe wazi, na mtu yeyote asiupake kitu mpaka Subiri aseme umekauka, hata ikichukua miezi.

Dada yangu, mtafute huko shuleni leo. Akikwambia usubiri, usubiri.

Kaka yako


16 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Shemeji yako amekusalimu na kusema kwamba tangu leo hatathubutu kunikatiza.

Nilisoma yote. Sikuruka. Nilipofika kwenye mchoro wa ubaoni nilirudia mstari mmoja mara mbili, mama akasema, "Endelea."

Nilipomaliza alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akaniuliza, "Amesema miaka mingapi?" Nikamwambia kumi. Akasema, "Na kila likizo nilimwambia kwamba kifua kinanibana, akaninunulia dawa ya kusugua." Akainuka, akachukua mto wake na blanketi lake, akahamia sebuleni mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Mimi nimemwomba tangu Juni.

Subiri alikuja siku ile ile. Mama alimwambia, "Vunja chote, nisikione." Subiri akakizunguka, akapiga magoti, akakipapasa. Akasema, "Subiri, bibi. Sakafu hii imepigwa na mtu anayejua kazi. Kosa lake ni kimo tu." Hakuvunja chote, kaka. Hukuwahi kuuliza ni kiasi gani kinahitaji kukatwa, wala mimi sikuuliza. Ni mstari tu kando ya ukuta, upana wa viganja viwili, kutoka pembe hadi pembe. Amechimba mpaka chini ya lami ya baba, amejaza kokoto, na mwishoni ameufungulia mfereji uelekee bustanini. Sehemu nyingine yote ipo. Ilimchukua siku tatu badala ya moja, na tindo mbili zimekatika ncha kwa ugumu wa sakafu hiyo. Ameniambia nikuandikie habari za tindo. Nadhani alimaanisha jambo jema.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja tarehe kumi na moja. Sote tulisimama mlangoni kuangalia maji yakianguka kwenye kokoto na kupotea. Mama aliomba nimweleze, nikamweleza. Ndani tumebandua lipu yote. Matofali ya baba yako wazi, mekundu, na kila Ijumaa Subiri anabandika nailoni yake. Ijumaa iliyopita matone yalikuwa machache. Kikohozi kimepungua. Muuguzi amesema mwenyewe.

Sasa lingine. Nilingoja mama aniambie nikusalimie. Nilikaa naye na karatasi magotini, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Hakuniambia. Amesema tu, "Mwandikie ukuta unakauka. Akitaka kuuona, anajua nyumba ilipo."

Tangu nikiwa na miaka saba nimekuwa nikiingojea siku ambayo mama atakukasirikia wewe na si mimi. Nilidhani siku hiyo nitapika pilau. Imefika, na nakiri kwamba nimefurahi, lakini kidogo, kisha ikaanza kunikereketa. Jana alikuwa akimsimulia mwenye duka habari za ukuta. Akasema, "Binti yangu ndiye aliyempata fundi." Nilikuwepo, nimebeba vitu. Nimefika nyumbani nikakuta nataka kukuandikia wewe kwanza.

Mdogo wako


22 Oktoba

Mdogo wangu,

Nitafika Jumanne kwa basi la asubuhi. Usimwambie mama anisubiri. Mwambie tu nipo njiani.

Nimefurahi kusikia habari za zile tindo mbili.

Muulize fundi Subiri kama anaweza kuniachia sehemu ndogo ya ukuta ule, hata kama ni chini ya dirisha tu, niipige lipu mimi mwenyewe siku atakaposema umekauka. Nitachanganya kwa vipimo vyake na nitafanya kazi akiwa amesimama nyuma yangu. Akikataa, usimlaumu. Mimi ningekataa.

Kaka yako